Ada ya mbio za baiskeli ipimwe kwa anayemaliza wa mwisho

Kila msimu wa usajili ukifika, kwenye makundi ya waendesha baiskeli maneno ni yale yale: ada imepanda, hela yote hii ya nini, baiskeli yangu, miguu yangu, barabara ya umma, afu anatokea mwingine anasema kama unaona ghali si ukae nyumbani. Mimi nimekaa pande zote mbili. Nimelalamika nikalipa, nimelipa nikafurahi, na kuna misimu miwili nilijitolea kusimama kwenye kona na bendera kwenye mbio ndogo za klabu, ndo hapo nikaanza kuona hela inakoenda. Na ninavyoona mimi tunagombania kitu ambacho sicho. Huwezi kusema ada ni kubwa au ni ndogo kabla hujauliza inanunua nini na inamnunulia nani.

Nianze na meza moja.

Mwaka mmoja nilikuwa kwenye mbio za kilomita 120. Nikapata pancha kilomita ya 30 na kitu, nikaziba, nikaondoka, tairi ile ile ikaisha upepo tena kabla sijafika mbali kwa sababu kipande cha waya kilikuwa bado kimejificha ndani ya tairi na sikukipapasa vizuri mara ya kwanza. Nafika kituo cha maji cha kilomita ya 85 nakuta ndoo zimepinduliwa, chupa tupu zimelala kwenye majani na vijana wawili wanakunja meza. Mmoja akaniangalia, akaiacha meza, akatoa chupa yake mwenyewe kwenye begi akanimiminia nusu, akasema samahani kaka, tumeambiwa tufunge. Sasa kikomo cha muda kilichoandikwa kwenye karatasi yao ya maelekezo kilikuwa masaa nane na mimi nilikuwa ndo kwanza masaa manne na nusu, yaani kwa kanuni yao wenyewe sijachelewa hata kidogo. Nikamaliza. Mkeka wa kusoma chipu, kile kifaa kidogo cha kurekodi muda wa kila mshiriki, ulikuwa umeshakunjwa kwahiyo muda wangu wa siku ile hauko popote, ila medali nilipewa, yalikuwa yamebaki maboksi mawili.

Nililipa hela ile ile aliyolipa mshindi. Yeye alipata maji kila kituo, makutano yote yamezuiwa, ambulensi nyuma yake, muda wake umeandikwa mpaka sekunde. Mimi nikapata nusu ya vile na medali. Tangu siku ile ada siipimi tena kwa namba iliyoandikwa kwenye fomu, naipima kwa yule anayefika wa mwisho ndani ya muda aliopewa, kama yeye amepata alicholipia basi hela imefanya kazi, kama hakupata basi hata ingekuwa ndogo kiasi gani ni ghali.

Watu watasema huyu ana kinyongo na mbio moja. Hapana, sababu iko kwenye hesabu yenyewe ya kuandaa mbio, ukiielewa utaona kwanini mkia ndo unaumia siku zote.

Gharama za mbio ziko za aina mbili. Kuna zile ambazo zipo waje watu 50 au waje 500: kibali cha kutumia barabara, polisi wa trafiki, ambulensi na wahudumu wake, bima, waamuzi, kampuni ya chipu inayoleta mitambo yake, vibao na uzio. Na kuna zile zinazokwenda kwa kichwa: namba ya mgongoni, chipu yenyewe, maji, medali, jezi kama ipo. Zile za kwanza ndo nzito, na zinagawanywa kwa waliojisajili, kwahiyo mbio ya watu 100 kila mmoja anabeba mzigo mara kumi ya mbio ya watu 1,000 kwa barabara ile ile na ambulensi ile ile. Ndo maana mbio ndogo ya klabu inayofanywa vizuri inaweza kuonekana ghali na mratibu bado anatoa hela mfukoni, nimeona kwa macho yangu mtu analipia mafuta ya gari la mwisho, lile linalotakiwa kufuata nyuma ya washiriki wote, kutoka kwenye hela yake ya nyumbani na wakati huo huo watu wanamsema kwamba anakula.

Lakini je mbio ikiwa kubwa si inatakiwa iwe rahisi? Hapo watu wengi wanakosea. Gharama hazikui kwa mstari ulionyooka, zinapanda ngazi ngazi. Ukivuka idadi fulani ambulensi moja haitoshi tena, ukivuka nyingine unahitaji kuanzisha watu kwa makundi, na ukianzisha kwa makundi kundi la mwisho linaondoka labda saa nzima baada ya la kwanza, maana yake barabara ikae imefungwa saa moja zaidi. Na saa za kufunga barabara ni kati ya vitu vya bei kubwa. Kila saa inayoongezeka ni trafiki kuendelea kulipwa, wasimamizi wa kona kuendelea kusimama juani, ambulensi kuendelea kuwa pale badala ya kwenda kwenye kazi nyingine, na wakazi kuendelea kukasirika.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mratibu ambaye hesabu haijatimia. Atakata wapi? Hawezi kukata mstari wa kuanzia, pale pana wageni rasmi, pana kamera, pana wadhamini. Hawezi kukata kundi la mbele. Jezi na medali zimeshatengenezwa. Anakata masaa ya mwisho, wasimamizi wanaondolewa mapema, kituo cha maji cha mwisho kinafungwa, barabara inafunguliwa na magari yanaanza kupita wakati watu 200 bado wako njiani na namba zao mgongoni. Hakuna anayepiga picha kule na wachache wanaoumia wanafika nyumbani wamechoka hata kulalamika hawana nguvu.

Afu kuna hili la kufunga barabara kwa kusogea, ambalo nadhani washiriki wengi wanasaini bila kulielewa. Barabara haifungwi yote, bali pikipiki za polisi zinatangulia mbele ya msafara kusimamisha magari, gari linafuata nyuma, na katikati yao ndo kuna usalama, wanapita wao barabara inafunguliwa tena. Kwa mbio za wataalamu inafanya kazi kwa sababu wanakwenda karibu pamoja, na anayeachwa mbali sana anatolewa. Kwa sisi wa kawaida kundi linakatika kwenye kilima cha kwanza. Baada ya nusu saa wako 40 ndani ya ule ulinzi na wengine 300 wako kwenye barabara ya kawaida na malori, ila bado wana mshipa wa mashindano, bado wanakata kona kama vile hakuna kinachokuja upande wa pili. Huyo ana hatari kuliko mtu aliyetoka tu na rafiki zake Jumapili asubuhi, kwa sababu wa Jumapili anajua magari yapo.

Na hapa ndo penye thamani halisi ya mbio kwa mtu wa kawaida. Njia ile ile naweza kuiendesha bure wiki inayofuata, maji nikanunua njiani, muda nikaupima kwenye kompyuta ndogo ya kwenye usukani. Kitu ambacho siwezi kujinunulia peke yangu ni ruhusa ya kuingia kona kwa kasi nikiwa na uhakika kwamba kuna mtu amesimama upande wa pili amezuia gari. Hicho ndo nalipia. Vingine vyote ni mapambo mazuri.

Nasema hivi kwa sababu nimekuwa huyo mtu wa upande wa pili. Kona niliyopewa msimu wa kwanza ilikuwa ya kushoto, mwisho wa mteremko, na changarawe imemwagika kutoka barabara ya vumbi inayoungana pale. Tulifika kabla jua halijatoka na fagio mbili. Tukafagia ile changarawe, gari likapita likairudisha, tukafagia tena. Tukaweka marobota ya majani kwenye nguzo. Redio ya mkononi ikatuambia kundi la kwanza liko dakika sita, nikasimama katikati ya barabara ndogo mbele ya lori la mchanga na bendera nyekundu, dereva akazima injini akashuka, akaniuliza ni saa ngapi watapita, nikamwambia sasa hivi, akasema amechelewa, nikamwambia najua mzee wangu nisaidie kidogo tu. Wakapita. Watu kama 40, kishindo cha magurudumu, harufu ya breki, sekunde tano hazikufika, na hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa kuona kwamba pale kuna lori. Dereva alisubiri dakika 11 mpaka wa mwisho wa wimbi lile alipopita. Nikifikiria ada sasa namfikiria yule dereva na ile fagio, maana huo ndo usalama ulivyo, usipotokea kitu unadhani hukununua chochote.

Ukiangalia duniani utaona ada inapanda na kushuka kulingana na mzigo ambao mshiriki amekubali kuubeba mwenyewe. Tour Divide inaanzia Banff, Kanada, inashuka milima ya Rockies mpaka Antelope Wells kwenye mpaka wa Marekani na Mexico, karibu kilomita 4,400, na ada yake ni sifuri. Hakuna zawadi, hakuna kituo cha maji, hakuna gari la kukuokota, chakula unanunua, usingizi unajitafutia, barabara haifungwi hata mita moja. Na watu wanaipenda kwa sababu ahadi na bei vinafanana, huahidiwi kitu na hulipi kitu. Paris–Brest–Paris ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1891 kama mashindano na sasa ni safari ya kilomita 1,200 ya kumaliza ndani ya masaa 90 kwa waliochagua muda mrefu zaidi, nayo imetenganisha mambo vizuri: unalipia kushiriki, ukitaka kula kwenye vituo unalipia sahani yako. Upande mwingine kuna Étape du Tour, tangu 1993 inawapa watu wa kawaida kuendesha hatua moja ya Tour de France barabara ikiwa imefungwa, na anayeshindwa kwenda na muda anapandishwa basi. Na kuna Cape Town Cycle Tour ya Afrika Kusini, kilomita 109 kuzunguka rasi, watu makumi ya maelfu, ambayo ilianza 1978 kama maandamano ya baiskeli kudai njia za baiskeli na mpaka leo inaendeshwa na mfuko wa amana (trust) ambao faida yake inaenda kwa chama cha waendesha baiskeli na klabu ya Rotary kwa kazi za jamii. Kulipa kubwa kwenye mbio ambayo barabara imefungwa kweli na faida inajulikana inaishia wapi, mimi sina shida nako kabisa.

Shida ninayo na zile za katikati, zinazotoza ada kama barabara imefungwa na kukuachia mzigo kama vile uko Tour Divide.

Zawadi nazo lazima tuzisemee. Kwenye mbio nyingi za ridhaa hela ya zawadi, kama mdhamini hatoshi, inatoka kwenye mfuko ule ule wa ada. Maana yake wale 300 wa nyuma ambao hawana hata ndoto ya jukwaa wanawalipa kumi wa mbele. Sisemi zawadi zifutwe, kijana mwenye kipaji anayetafuta nafasi anazihitaji kweli, lakini basi mratibu aseme wazi, kiasi gani cha ada kinakwenda kwenye zawadi. Na ukiangalia mgawanyo wenyewe unaumia zaidi, nimeona mbio ambapo wanaume wamegawanywa kwa umri mara tano na kila kundi lina zawadi zake, afu wanawake wote kuanzia binti wa miaka 18 mpaka mama wa miaka 55 wamewekwa kapu moja na zawadi ndogo kuliko ya kundi la wazee, na fomu ya usajili haikuwapunguzia hata senti. Dada mmoja tunayefanya naye mazoezi alikataa kushiriki mbio ile kwa sababu hiyo tu, na mimi naona alikuwa sahihi, alipewa kidogo kwa bei ya kamili.

Mambo mengine nayapitia haraka. Makato ya mfumo wa usajili yanayojitokeza ukurasa wa mwisho baada ya kujaza kila kitu, hayo yawekwe kwenye bei tangu mwanzo. Picha za kununua kando ni sawa tu, asiyetaka hanunui. Jezi ya lazima sio sawa, ifanywe ya hiari na ada ishuke, wengi wetu kabati limejaa jezi za polyester ambazo hazijawahi kuvaliwa mara ya pili na ile hela ingetosha ambulensi nyingine.

Usajili wa mapema unahitaji maneno zaidi kidogo. Unaambiwa lipa miezi sita kabla upate punguzo. Kiukweli hapo unamkopesha mratibu, hela yako ndo inalipa amana ya uzio na chipu, na punguzo ndo riba yako. Ni mpango mzuri kwa pande zote lakini mkopeshaji ana haki ya kujua mkopo ukikwama itakuwaje. Tarehe 12 Machi 2017 Cape Town Cycle Tour ilisimamishwa asubuhi ya mbio yenyewe kwa sababu upepo ulikuwa mkali mpaka watu walishindwa kushika baiskeli zao wakiwa wamesimama, na ule ulikuwa uamuzi sahihi, hakuna medali inayostahili mtu kuvunjika shingo. Mwaka 2020 korona ikaja ikafuta kalenda karibu nzima duniani. Kwenye hali kama hizo kudai urudishiwe ada yote siku ile ile sio haki, kufika asubuhi ya mbio sehemu kubwa ya hela imeshatumika, polisi wameshapangwa, maji yameshanunuliwa. Ila kanuni ya kusema "ada hairudishwi kwa sababu yoyote ile" miezi sita kabla, wakati sehemu kubwa bado haijatumika, hiyo sio bahati mbaya ya upepo, hiyo ni kumwachia mshiriki hasara yote peke yake. Mbio zilizonitendea vizuri zilikuwa na ngazi: ukijitoa mapema unarudishiwa sehemu kubwa, baadae kidogo unahamishia mwaka ujao au unampa mwenzako namba yako kwa kubadilisha jina rasmi, wiki ya mwisho ndo hupati kitu. Hilo la kubadilisha jina ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu wakikataa watu wanauziana namba chinichini, afu mtu anaanguka njiani na karatasi ya ambulensi inasoma jina, kundi la damu na simu ya dharura ya mtu mwingine kabisa.

Kuna wanaosema mratibu ni mfanyabiashara, apate faida yake, hatulazimishwi. Nakubali. Apate faida, na inayotosha, kwa sababu mratibu anayepata hasara mwaka huu mwaka kesho hayupo na kalenda inabaki tupu. Ninachokataa ni faida inayotoka kwenye masaa ya mwisho ya barabara. Kama hela haitoshi kumlinda mtu wa masaa nane, andika kikomo cha masaa sita, watu wajue, anayejijua hawezi asijisajili au ajisajili mbio fupi. Hapo nitasema umekuwa mkali lakini umekuwa mkweli. Kuandika masaa nane ili upate ada za watu wa masaa nane, afu ukahudumia masaa matano, hiyo ni kuuza kitu ambacho huna.

Klabu ile niliyojitolea walifanya jambo moja ambalo sijaliona kwingine. Wiki mbili baada ya mbio walibandika karatasi moja mlangoni pa banda tunapokutania na kuituma kwa kila aliyejisajili, mistari kama 14 hivi, trafiki kiasi gani, ambulensi, chipu, maji, zawadi, kilichobaki, na mstari wa mwisho kabisa ulisema saa ngapi mtu wa mwisho alivuka na saa ngapi kona ya mwisho iliachwa na msimamizi. Mwaka uliofuata waliongeza ada. Sikusikia mtu akilalamika, na nafasi zilijaa.

Mwezi uliopita kabla sijalipia mbio ya msimu huu niliandika kwa waratibu watatu swali moja tu, gari la mwisho linakaa nyuma ya mtu wa mwisho mpaka mstari wa kumalizia au linampita? Wa kwanza alinitumia picha ya jezi. Wa pili hajajibu mpaka leo. Wa tatu alijibu usiku ule ule, mistari miwili: gari halimpiti mtu aliye ndani ya muda, akipitwa na muda anapewa nafasi ya kupanda au kuvua namba aendelee kwa hiari yake, na vituo vya maji vinafungwa na gari hilo hilo likipita, sio kabla. Ada yake ndo ilikuwa kubwa kuliko zote tatu. Nimelipa.